Bunduki Niliyoiacha Mlangoni

Walinipima kifua mara tatu. Mara ya kwanza sajenti alisoma utepe akatikisa kichwa. Mara ya pili aliniambia nivute pumzi, nikavuta, akatikisa tena. Mara ya tatu nilikasirika, na mimi nikikasirika hufura kama chura. Kifua kikapanda, naye akaandika namba kwenye karatasi bila kunitazama usoni. Hivyo ndivyo nilivyoingia polisi, kwa hasira, na hakuna aliyeiona hasira yenyewe kwa sababu haikuwa na utepe wa kuipimia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Tangazo lilisomwa barazani kwamba vijana wa Karagwe wanaotaka uaskari waende Bukoba wakapimwe. Kwetu Nyakakika tulikuwa watu wa ng'ombe, Wakristo wa Jumapili na wachungaji wa siku zote, na baba hakuona sababu ya mtu mwenye ng'ombe kwenda kutumwa na watu wengine. Lakini mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, nilijua kusoma barua na kuijibu, na nilitaka viatu. Sina haya kusema hivyo. Nilitaka viatu, kaptura iliyopigwa pasi, na ile kofia nyekundu ya tarbushi ambayo ikikaa kichwani hata mtu mfupi huonekana ana la kusema.

Huko Bukoba masharti yalikuwa wazi. Kwenye mwimo wa mlango palichorwa mstari wa chaki, na kichwa chako kisipoufikia, unarudi kwenu. Unakanyaga maji, kisha unakanyaga sakafu ya saruji, ili waone kama wayo wako una upinde. Unafumba jicho moja na kusoma herufi ukutani, kisha unafumba la pili. Unapewa gazeti usome kwa sauti. Mwisho kabisa unatoa barua ya mkungu, yaani mkuu wa kijiji chenu, inayoshuhudia kwamba una tabia njema. Ya kwangu ilisema mimi ni kijana mpole. Mkungu aliiandika baada ya kupokea kibuyu cha samli kutoka kwa mama, na wakati anaandika mama alikuwa akitazama pembeni, maana ni yeye aliyekuwa akinitoa kwenye ugomvi tangu nilipoanza kutembea.

Nilipita. Wengi walionizidi akili walikwama kwenye mstari wa chaki, nami nikapita.

Tulipelekwa chuoni, mbali, kwa meli, kisha kwa treni, kisha kwa lori. Sitaeleza kwata yote, kila aliyeipitia anaijua na asiyeipitia haiamini. Nitaeleza bunduki tu. Kwa majuma mengi hatukupewa risasi hata moja. Tuliifungua, tukaisafisha, tukaifunga, tukakimbia nayo juu ya kichwa mpaka mikono ikafa ganzi. Tulifundishwa kwamba doriani risasi hukaa kwenye magazini, kile kisanduku cha chini, si kwenye chemba nyuma ya mtutu, na kwamba ukiipokea bunduki kutoka kwa mtu yeyote, hata kama ni mkubwa wako, jambo la kwanza ni kuvuta bolti, lile komeo la chemba, na kutazama ndani. Na tulifundishwa kwamba bunduki haiachwi. Ukila, iko nawe. Ukienda chooni, iko nawe. Mwalimu wetu alikuwa na sauti ya kukereza na aliyarudia hayo mpaka nikawa nayasikia usingizini. Kwenye mtihani niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri, na nikapata alama nzuri.

Kuandika ni rahisi. Mtu huandika kwa mkono, lakini anaishi kwa mazoea ya nyumbani kwao.

Nikarudishwa Karagwe nikiwa bado kwenye muda wa majaribio. Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima upande wa Kayanga: chumba cha ofisi, ghala dogo la silaha, na nyumba za askari nyuma yake. Mkubwa wa kituo alikuwa sajenti kutoka mbali, mtu wa maneno makali. Chini yake alikuwapo koplo mmoja, Mhaya wa Muleba, Mlutheri, aliyewahi kupigana vitani kabla ya kuingia polisi. Koplo huyo hakuwa mtu wa kusema sana. Alinipokea kwa kuniambia, "Bwana mdogo, hapa utalala, pale utakula, na mimi utanifuata," kisha akarudi kushona kifungo cha shati lake. Nilimpenda siku hiyohiyo, ingawa sikumwambia kamwe.

Mwaka huo sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia. Bwana mifugo alitoa amri kwamba ng'ombe wasihamishwe mpaka wachanjwe, na waliohamishwa warudishwe walikotoka. Ikajulikana kwamba mzee mmoja amehamishia kundi lake upande wa Rugera. Koplo nami tukatumwa, kila mtu na bunduki yake na risasi tano kwenye magazini.

Tulifika asubuhi jua likiwa limepanda kidogo. Ng'ombe walikuwa kwenye mteremko chini ya ua wa mzee, wenye pembe ndefu, wengi wao wa bihogo, ule wekundu uliokolea ambao kwetu mtu huusifia kama anavyosifia mkwe mzuri. Moyo wangu ulifurahi kuwaona, halafu ukakumbuka nilichotumwa. Koplo akasimama katikati yao ili awakague.

"Wewe ni wa huku," akaniambia. "Nenda kamwite mzee. Mwite kwa adabu, tusilete vita."

Nikapanda. Na hapa sina budi kueleza desturi, kwa sababu bila hiyo nitaonekana mjinga tu, na mimi nilikuwa mjinga wa aina yake.

Kwetu mtu haingii na mkuki nyumbani kwa mwenzake. Ukifika unausimamisha nje, kwenye mlango wa ua, ncha juu, kisha unaingia na mikono mitupu. Mkuki ukishauacha pale, unakuwa chini ya ulinzi wa mwenye nyumba. Hakuna atakayeugusa. Kuingia nao ni kumwambia mwenyeji kwamba humwamini, au kwamba umekuja kumuua. Mtoto wa kwetu hafundishwi hilo. Analiona tu, siku zote, mpaka mkono wake unalijua kabla ya kichwa.

Nilipofika kwenye mlango wa ua, mkono wangu ukaiegemeza bunduki kwenye nguzo. Nikaingia.

Siwezi kudai kwamba nilisahau. Nilijua nimeiacha. Nilijiona hata nimefanya vizuri, kwamba koplo amesema nimwite kwa adabu na hii ndiyo adabu yenyewe. Yule mwalimu mwenye sauti ya kukereza hakuwapo kichwani mwangu kabisa.

"Shikamoo, tata," nikasema, maana kwetu baba huitwa tata.

"Marahaba, mwana wange. Kaa."

Mzee alikuwa ameketi kwenye majani yaliyotandikwa, na alionekana amekwisha kujua kilichonileta. Alinipa maziwa. Nilikunywa, maana maziwa ya mtu hayakataliwi. Nikamweleza amri ya bwana mifugo. Akauliza kama ng'ombe wakirudishwa kule ugonjwa uliko, nani atawalilia wakifa. Nikasema tu kwamba koplo yuko chini anamngoja. Akainuka taratibu, akachukua fimbo yake, tukatoka pamoja.

Kwenye nguzo hapakuwa na kitu.

Mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye mke na watoto, alikuwa amesimama hatua chache nje ya ua. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na alijua bunduki kunizidi mimi. Ya kwangu ilikuwa begani mwake, kitako kimekaa sawasawa, shavu limelala juu yake, na mtutu umeelekea mteremkoni. Nikaufuata kwa macho. Uliishia kwenye mgongo wa koplo. Hatua thelathini tu. Koplo alikuwa ametupa kisogo, mkono mmoja juu ya mgongo wa ng'ombe, hatikisiki.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Mimi, mtu wa hasira, mtu wa kurukia watu, nilisimama pale nikiwa sifai kitu.

Mzee ndiye aliyesema, wala hakupaza sauti.

"Iteremshe. Hiyo ni silaha ya mgeni wangu. Aliiacha kwangu."

Mwana hakugeuka. "Wanaturudisha kwenye kifo, tata."

"Wakiturudisha, tutarudi. Lakini hakuna atakayesema aliacha kitu mlangoni pangu akakikosa. Iteremshe, au usiniite baba tena."

Nadhani ilipita pumzi mbili au tatu, ingawa niliziona nyingi. Kisha yule mtu akaiteremsha. Mzee akaichukua, akaifuta kwa nguo yake aliyojifunga begani, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikashukuru.

Sikuvuta bolti. Ningewezaje? Kukagua kitu mbele ya mtu aliyekurudishia ni kumwita mwizi, na mzee huyo alikuwa amemtishia mwanawe kwa ajili yangu. Niliitundika begani, tukateremka kwa koplo. Mzee akakubali amri. Ng'ombe wakaanza kusogea, na yule mwana akaenda nao akichapa majani kwa fimbo, bila kututazama. Njia nzima mpaka kituoni sikusema neno, na koplo, kama kawaida yake, hakuniuliza.

Tulifika alasiri. Kanuni ni kwamba kabla silaha haijaingia ghalani, hukaguliwa. Sajenti akapokea ya koplo, akaikagua, akaiweka. Akapokea ya kwangu, akavuta bolti, na risasi ikaruka kutoka kwenye chemba, ikaanguka kwenye saruji, ikabiringika mpaka kwenye kiatu changu.

Nilielewa palepale. Yule askari wa Burma alikuwa ameiingiza. Nilikuwa nimetembea saa zote zile na bunduki iliyo tayari kulia, mara mtutu ukitazama anga, mara ukimtazama koplo.

"Nani ameingiza hii?" sajenti akauliza.

Jibu rahisi lilikuwapo, nalo nimelifikiria miaka yote. Ningesema: mimi, afande, nilisahau. Ningepata kwata ya ziada, labda na kufungiwa kambini, mambo yakaisha. Kwa kweli nilikwisha fungua mdomo kulisema. Lakini sajenti akatangulia.

"Ndiyo hasara ya kuchukua wachunga ng'ombe," akasema. "Wanalelewa na mavi, wanadhani bunduki ni fimbo."

Hasira hasara, walisema wahenga, na mimi ndiye waliyekuwa wakimsema.

"Sikuingiza mimi!" nikafoka. "Niliiacha mlangoni kwa mtu kama tulivyolelewa! Wewe ndiye usiyelelewa!"

Kwa hiyo ukweli haukutoka kwa sababu mimi ni mkweli. Ulinitoka kwa kiburi, na ulipokwisha kutoka haukurudi. Sajenti akainama, akaiokota risasi kwenye kiatu changu. Kisha akauliza nani aliishika. Nikasema sitasema. Akauliza tena. Nikasema tena. Akamgeukia koplo, akamuuliza ameona nini.

"Sikuona kitu, afande," koplo akasema. "Nilikuwa na ng'ombe."

Baada ya juma moja afisa Mzungu akaja kutoka Bukoba. Nilisimama mbele ya meza bila kofia. Alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuamrisha na kuuliza, na mbele yake kulikuwa na karatasi zangu zote: urefu, kifua, macho, alama za chuoni, barua ya mkungu. Alizipitia polepole, na nadhani alikuwa anatafuta mahali kosa lilipopitia. Hakufoka, na hilo liliniumiza zaidi.

"Nikikutuma kesho nyumba ileile," akauliza, "bunduki itaingia na wewe?"

Jibu lilikuwa neno moja. Kila mtu chumbani alilijua, hata tarishi aliyekuwa mlangoni. Nilijiona nimesimama kwenye ua wa mzee, mtutu mbele, naye ameshika kibuyu cha maziwa. Nikakaa kimya. Akangoja, akanipa muda mrefu kuliko nilivyostahili, kisha akaandika.

Nilivua viatu pale ofisini. Nilirudi Nyakakika kwa miguu mitupu, na siwezi kuficha kwamba nilikwenda nimeinua kichwa. Njiani nilijipangia maneno ya kumwambia baba. Nilikuwa nimefukuzwa kwa sababu ya heshima yetu. Nilikuwa nimekataa kumtaja mtoto wa mtu. Nilijua baba, ambaye hakuutaka uaskari tangu mwanzo, atafurahi na labda atachinja.

Nilimwambia yote tukiwa zizini, naye anakamua. Hakusimamisha mikono. Alipomaliza akampa mama chombo cha maziwa, akanitazama.

"Ile bunduki ilikuwa yako?"

"La, tata. Ya serikali."

"Mkuki wangu mimi naweza kuuacha mlangoni kwa mtu. Ukipotea, nimepoteza cha kwangu. Je, ng'ombe wa mtu niliyepewa nimlishe, naweza kumwacha mlangoni ili nionekane nina adabu?"

Kwetu ng'ombe wa kukabidhiwa anachungwa kuliko wa mwenyewe. Unaweza kulala njaa yeye akashiba. Hilo pia halifundishwi, na mkono wangu ulipaswa kulijua.

"Walikufukuza vizuri," akasema. "Ulimpa mzee yule adabu ambayo haikuwa yako kuitoa. Na aliyelipa ni nani? Yule mwenzako mwenye mgongo. Umemwomba radhi?"

Nikasema koplo hajui. Alikuwa ametupa kisogo. Anajua tu kwamba mtu aliigusa bunduki, hajui ilielekezwa wapi.

"Basi nenda kamwambie."

Nilikasirika, bila shaka. Nililala na hasira usiku huo na uliofuata. Nilimkasirikia baba, sajenti, Mzungu, yule mtu wa Burma, na mwalimu mwenye sauti ya kukereza kwa sababu alikuwa amesema kweli. Siku ya tatu hasira ziliishiwa na watu, nikabaki mimi mwenyewe. Nikafunga ndizi za kuchoma kwenye jani, nikarudi Kayanga.

Nilimkuta koplo nyuma ya nyumba yake akiwa hana zamu, anapiga viatu rangi. Alinisogezea kigoda. Mkewe akaniletea maji. Watoto wake wawili walikuwa wanagombana juu ya kitu fulani, naye akawanyamazisha kwa jicho. Niliwatazama wale watoto. Nilisema hata hivyo. Nilimwambia bunduki niliiacha kwa kupenda, si kwa kusahau. Nilimwambia nilipotoka nilikuta imeelekezwa kwenye mgongo wake, na kwamba nilisimama tu, na kwamba si mimi niliyemwokoa. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

Alimaliza kiatu cha kwanza, akakiweka chini, akakitazama kama kimesimama sawa.

"Niliisikia bolti," akasema.

Sikuelewa. Akarudia, polepole, kama anavyomweleza kuruta.

"Kule vitani unaijua sauti hiyo kuliko sauti ya mama yako. Niliisikia nyuma yangu. Ningegeuka, angefyatua. Kwa hiyo nikamshika ng'ombe, nikasubiri."

"Na sajenti alipokuuliza?"

"Aliniuliza nimeona nini."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia njiani, kwa nini hakuninyang'anya ile bunduki, kwa nini alitembea saa zote zile na mimi nyuma yake. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali mkewe akiyaona.

"Nilidhani ulikuwa umekwisha kuikagua," akasema. "Ulikuwa umefundishwa."

Akachukua kiatu cha pili, mikono yake ikabaki juu yake bila kukipaka rangi. Ndipo nilipoona kwamba ilikuwa inatetemeka, siku zote hizo baadaye, nyumbani kwake, mchana kweupe. Nikamwondolea kiatu kile mikononi, nikakipiga rangi mimi.